TIN yako si ndala za msikitini

Makamanda, leo siandiki juu ya tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Naandika juu ya kisanduku kimoja kwenye fomu. Kile kisanduku kidogo kinachouliza namba ya mlipakodi ya mtu wa upande wa pili wa biashara. Najua kuna watakaosema dada wa sheria leo kaishiwa. Sawa, lakini someni kwanza, maana kwenye kisanduku hicho kuna vijana wa Mkinga na Muheza wanaobebeshwa kodi ya watu wasiowajua hata kwa sura, na serikali ya CCM inaangalia pembeni huku ikituimbia wimbo wa kulinda wazawa.

Tuanze na namba zenyewe, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia hapo.

TIN ya Tanzania ina tarakimu tisa, tunaziandika tatu tatu. PIN ya KRA ya Kenya ina alama kumi na moja: inaanza na herufi, zinafuata tarakimu tisa, inamalizia na herufi nyingine. Ya mtu binafsi inaanza na A, ya kampuni inaanza na P. TIN ya Uganda ina tarakimu kumi. Ya Rwanda ina tisa, sawasawa na yetu. Mkishaona hivyo mnaelewa kwamba namba ya kodi bila jina la nchi haina maana yoyote. Mnyarwanda akiandika namba yake tisa kwenye fomu ambayo haiulizi nchi, nani atajua kwamba si ya mtu wa Korogwe? Na Mkenya akija na alama zake kumi na moja kwenye sehemu iliyopimwa tarakimu tisa, mfumo unamkataa. Ukishamkataa, watu wanatafuta namba nyingine ya kujaza. Hiyo namba nyingine ndiyo yako wewe kijana unayesoma hapa.

Sasa twende Horohoro.

Kutoka Tanga mjini hadi mpakani ni kilomita 65 za lami, barabara iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani kupitia ule mpango wa MCC. Ukifika, upande huu Horohoro, upande ule Lunga Lunga. Mdigo wa huku na Mdigo wa kule wanaitana shemeji, wanazikana, wanaoana. Mstari ulichorwa na Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886 na hakuna aliyemuuliza bibi wa mtu. Leo pana kituo cha pamoja cha forodha, na Jumuiya ina Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya mwaka 2016, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Machungwa ya Muheza yanapita hapo, nazi zinapita, mahindi yanapita. Mnunuzi Mkenya anakuja hadi shambani, anakadiria mti kwa macho, anaongea bei, lori linapakiwa, safari ya Mombasa inaanza. Biashara hii ni ya zamani kuliko vyama vyote vya siasa mnavyovijua.

Mnunuzi ni Mkenya, fedha ni zake, faida ni yake. Kwa akili ya kawaida, karatasi zingesema hivyo: muuzaji ni mkulima fulani wa Muheza, mwenye TIN hii au kitambulisho cha NIDA hiki, mnunuzi ni fulani wa Kenya, PIN hii. Basi. Kila mtu abebe lake.

Hebu mchukue risiti yoyote ya EFD mliyo nayo mfukoni muiangalie. Kuna mstari unaosema aina ya kitambulisho cha mteja. Mfumo wa TRA umeweka machaguo: TIN, leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura, pasipoti, kitambulisho cha taifa, au hana. Mmeona PIN ya KRA hapo? Mmeona namba ya mlipakodi wa nchi nyingine yoyote ya Afrika Mashariki? Haipo. Jumuiya ina nchi nane sasa, Somalia imeshaingia, itifaki ya soko la pamoja inatumika tangu Julai 2010, halafu mashine yetu ya risiti haijui kwamba jirani ana namba ya kodi. Mkenya anayevuka kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti, anaandikwa "hana". Mnunuzi wa lori zima anageuka mtu asiyekuwepo. Na mzigo hauwezi kwenda mpakani ukiwa wa mtu asiyekuwepo, kwa hiyo lazima apatikane mtu.

Huyo mtu anapatikana vipi? Wenyeji wa Maramba, Duga na Horohoro wanajua. Wakala au dalali anauliza, "Kijana, una TIN? Niazime basi, lori moja tu, nakupa ya soda." Binamu yangu aliwahi kuombwa hivyo na wakala mmoja, akaambiwa ni ya siku mbili tu, yaani kama vile TIN ni baiskeli, unarudishiwa jioni. Alikataa kwa sababu tu hakuwa na karatasi ya cheti chake pale alipo. Si kwamba alijua sheria. Wangapi walikuwa nacho kwenye simu?

Kwenye tamko la forodha, ile tunayoita TANSAD, kuna sehemu ya msafirishaji na sehemu ya mpokeaji. Msafirishaji anaandikwa kwa TIN. Ikiingia TIN yako pale, kwa macho ya mfumo wewe ndiye uliyesafirisha machungwa. Umeuza nje. Umepokea fedha. Mkenya ametoweka kwenye hadithi upande wa Tanzania, ametokea upande wa Kenya tu kama mwagizaji, na PIN yake safi. Yeye karatasi zake zimenyooka. Zako ndizo zimepinda, na hujui.

Nifanye hesabu, na nawaomba msiruke hapa. Chukua kijana anayepewa shilingi 50,000 kwa kila lori. Lori lina mzigo wa thamani ya milioni 5. Malori mawili kwa wiki, mwaka mzima. Mkononi kwake zimeingia milioni 5.2, fedha ya kula, kusuka nywele, kumlipia mdogo wake mchango wa shule. Kwa kipato hicho, kwenye jedwali la wafanyabiashara wadogo, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Hiyo ni shilingi 36,000 kwa mwaka. Hailizi mtu.

Lakini mfumo hauoni 50,000. Mfumo unaona malori 104 ya milioni 5, yaani milioni 520 za mauzo ya nje kwa TIN moja. Jedwali la wadogo linaishia milioni 100, ameshalipita kwenye lori la 21. Kiwango cha kujisajili VAT ni milioni 200 tangu mwaka 2023, amekipita kabla nusu mwaka haijaisha. Ndiyo, bidhaa inayouzwa nje inatozwa VAT kwa asilimia sifuri, lakini sifuri hiyo haimwondolei mtu wajibu wa kusajiliwa na kupeleka ritani kila mwezi. Sasa afisa akiamua kukadiria, akasema biashara ya milioni 520 haikosi faida ya asilimia 10, hiyo ni milioni 52. Kwa viwango vya mtu binafsi mkazi, kodi yake ni milioni 1.536 kwa milioni 12 za mwanzo, halafu asilimia 30 ya zilizobaki. Jumla shilingi 13,536,000.

Kutoka 36,000 hadi 13,536,000. Tofauti yote imetoka kwenye kisanduku kimoja kilichojazwa namba isiyo yake.

Mtu wa mtaani atasema, "Si ataenda kueleza tu kwamba mzigo haukuwa wake?" Hapa ndipo nilipokaa darasani na kalamu mkononi nikashindwa kuandika. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, kifungu cha 51, inakupa siku 30 tangu upokee makadirio kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Siku 30, za kalenda, na Idi na Krismasi humo humo. Na pingamizi halipokelewi bure: unatakiwa ulipe kwanza kodi ambayo huibishii, au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Theluthi ya 13,536,000 ni 4,512,000. Kijana wetu mwaka mzima amepata milioni 5.2. Anatakiwa atoe karibu yote aliyowahi kushika ili asikilizwe tu kwamba machungwa hayakuwa yake. Kamishna anaweza kupunguza au kusamehe hiyo theluthi ukimwandikia na sababu za maana, kifungu kinasema. Nani Horohoro ameambiwa hilo?

Ukishindwa hapo unaenda Bodi ya Rufani za Kodi. Kule Sheria ya Rufani za Kodi, kifungu cha 18, inakutwika wewe mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yana makosa. Si TRA ithibitishe kwamba mzigo ulikuwa wako. Wewe uthibitishe kwamba haukuwa. Uthibitishe kwa nini? Mkenya amerudi kwao, ulikuwa unamwita "Boss", hujui hata jina la baba yake. PIN yake hukuiandika popote kwa sababu hapakuwa na pa kuiandika. Ungekuwa nayo ile PIN kwenye risiti, kwenye mkataba wa nusu ukurasa, kwenye tamko, ungekuwa na ushahidi. Ndiyo maana naona kisanduku hicho ni jambo la haki. Katiba ibara ya 13 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kusikilizwa gani huko kwa mtu ambaye ushahidi wake mfumo wenyewe ulikataa kuupokea?

Na kuna upande wa jinai pia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 203, inamshika mtu anayetoa au kusababisha itolewe taarifa ya forodha iliyo ya uongo au isiyo sahihi kwa jambo lolote. Kifungo hadi miaka mitatu au faini hadi dola elfu kumi. "Jambo lolote" ni pamoja na jina la mwenye mzigo. Aliyeazima TIN yake kwa 50,000 amejiweka kwenye mdomo wa kifungu hicho pamoja na wakala, na siku ya kuulizwa wakala ana mwanasheria.

Wenzetu wa kijani najua jibu lao. Watasema, "Kijana asiazime TIN, kwisha habari." Nakubali nusu. Usiazime. Nimeweka kichwa cha habari kizima kwa ajili hiyo: TIN si ndala za msikitini, kwamba ukitoka umechelewa unavaa zozote zilizopo. Lakini nusu ya pili ya ukweli ni kwamba serikali hii imejenga soko la kuazima TIN kwa mikono yake, halafu inawalaumu wanaouza.

Nieleze. Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara, wakati huo Selemani Jafo, alitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Mnakumbuka kelele zake: uwakala wa fedha za simu, saluni, ufundi wa simu, na kadhalika. Watu wa Kariakoo walishangilia na mimi sikuwashangaa, maana waliumia kweli. Lakini kwenye orodha hiyo hiyo kuna ununuzi wa mazao shambani. Mgeni akikamatwa, faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita. Raia anayemsaidia, faini ya milioni 5 au miezi mitatu.

Sasa fikirini kama watu wa Tanga. Machungwa yameiva Muheza. Mnunuzi mkubwa kwa miaka yote ni Mkenya. Soko la Mombasa halijahama. Je, mmeleta kiwanda cha juisi cha kumeza machungwa yote hayo? Mmeleta mtaji kwa vijana wa Mkanyageni na Kicheba wanunue wenyewe, wapakie wenyewe, wauze Kongowea wenyewe? Hamjaleta. Mmeleta amri. Basi kilichofanyika ni kile ambacho mtoto wa darasa la saba angekitabiri: Mkenya bado anahitaji machungwa, mkulima bado anahitaji fedha, kwa hiyo katikati anawekwa Mtanzania wa kivuli, sura yetu na fedha zao. TIN yetu, faida yao. Zamani Mkenya aliandikwa "hana". Sasa hata kumwandika ni kujishtaki. Amri iliyosema inamlinda kijana imemfanya awe bei rahisi zaidi kuazimwa na hatari zaidi kukamatwa. Huo ndio ulinzi wa wazawa wa CCM.

Msinielewe vibaya. Sisemi mageti yafunguliwe kila mtu aje avune tu. Mimi naona ununuzi wa shambani una unyonyaji mwingi, mkulima anapigwa bei kwa kukadiriwa kwa macho, na tunatakiwa tuwe na ushirika na mizani. Lakini huwezi kumdhibiti mtu ambaye umekataa kumwandika. Ukimwandika Mkenya kwa PIN yake, unajua amenunua tani ngapi, unaweza kuuliza KRA, unaweza kumtoza unachostahili kumtoza. Ukimficha nyuma ya TIN ya mtoto wa mwenzako, umepoteza kodi halisi na umempata mtoto wa mtu wa kumkamua.

Hili la kuulizana na KRA lina historia ya aibu. Tarehe 30 Novemba 2010 nchi za Jumuiya zilisaini makubaliano ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili. Aliyezaliwa siku ile leo ni kijana wa sekondari. Makubaliano hayajaanza kutumika, kwa sababu hayajaridhiwa na wote wanaotakiwa kuyaridhia. Tanzania ina mikataba ya aina hiyo na India, Italia, Sweden, Norway, Finland, Denmark, Kanada, Afrika Kusini na Zambia. Tuna mkataba na Finland, na Lunga Lunga hatuna, mahali unapoweza kurusha jiwe likafika. Kijana wa Tanga akifanya kazi ya ushauri kwa kampuni ya Mombasa akakatwa kodi ya zuio Kenya, akirudi nyumbani mapato yake yanahesabika tena hapa kwa sababu ni mkazi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato inamruhusu mkazi kudai nafuu kwa kodi aliyolipa nje, lakini lazima awe na ushahidi wa kodi hiyo, na cheti cha zuio kisicho na namba yake sahihi ni karatasi ya kufungia karanga. Mmeona tena? Kisanduku kile kile.

Mnaofanya kazi za mtandaoni nanyi msijifanye haiwahusu. YouTube ilianza mwaka 2021 kuwataka watengeneza maudhui wa nje ya Marekani wajaze taarifa za kodi. Kwa mtu asiye Mmarekani fomu ni W-8BEN. Ina sehemu mbili za namba zinazofanana kwa juu juu: moja ya namba ya kodi ya Marekani, nyingine ya namba ya kodi ya nchi yako. Namba ya Wamarekani ya hifadhi ya jamii ina tarakimu tisa. TIN yetu ina tarakimu tisa. Mnaona mtego ulipo. Ukiweka TIN yako kwenye sehemu ya Marekani, umejipa namba ya mtu mwingine asiyekujua. Na ukijaza W-9 badala ya W-8BEN, umeapa kwamba wewe ni mtu wa Marekani, ilhali hata ubalozi wao hujawahi kupita mbele. Weka TIN yako kwenye sehemu ya namba ya nchi ya nje, andika Tanzania, acha ile nyingine wazi. Sehemu ya kudai nafuu ya mkataba usiiguse, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Mapato ya watazamaji wa Marekani yanakatwa asilimia 30. Usipojaza kabisa, Google wenyewe walisema wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima. Nimeona mtu anaambiwa na "mtaalamu" wa kwenye magrupu achague Uingereza ili apate nafuu. Huo ni uongo ulioapiwa, na jina lililopo ni lako.

Turudi mpakani nimalizie ya vitendo, kwa wale ambao kesho asubuhi wana mzigo.

Mkenya akikupa PIN, mwambie akuonyeshe cheti, usiandike kwa kusikia. Alama ya pili huwa ni sifuri, siyo herufi O, na ndiyo inayokosewa kuliko zote; watu wanaandika A na O halafu wanashangaa mfumo unakataa. Herufi ya mwisho usiiache, bila hiyo PIN haijakamilika. Ikianza na P wakati mtu anasema ni yake binafsi, muulize kampuni ni ya nani. Tovuti ya iTax ya KRA ina sehemu ya kuhakiki PIN, iko wazi, inakuonyesha jina. Jina lisipofanana na kitambulisho, huo mzigo una mwenyewe mwingine. Kama mashine yako ya risiti haina pa kuweka PIN, iandike kwenye karatasi ya mauziano: jina, namba ya kitambulisho, PIN, tarehe, idadi ya mizigo, bei, saini mbili. Piga picha, itume kwa mtu unayemwamini. Karatasi ya shilingi 100 ndiyo itakayosimama Bodi ya Rufani.

Na kwa akina mama wa mzigo mdogo: ukiwa na bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya na thamani yake haizidi dola 2,000, kuna utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Unapewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, huhitaji wakala wa forodha, na ushuru wa forodha haupo. Haina maana kodi nyingine zote zimekufa, lakini ina maana huhitaji kuazima jina la mtu wala kumpa mtu lako. Mnaopita njia za panya za Moa na Jasini kwa kuogopa fomu, ulizeni utaratibu huu kwanza.

Kwa serikali, tunachotaka kinaelezeka kwa dakika moja. Kwenye mashine za risiti na kwenye mifumo ya forodha liwekwe chaguo la namba ya mlipakodi ya nchi nyingine, na mbele yake nchi, na mfumo ukubali herufi. Kila TIN inapotumika kwenye tamko la forodha, mwenyewe apate meseji papo hapo na awe na namna ya kukataa. Ukitoa shilingi 1,000 M-Pesa simu inalia. Lori la milioni 5 lipite kwa jina lako usisikie chochote, kwa nini? Aliyekadiriwa kwa mzigo anaoukana asidaiwe ile theluthi kabla wakala hajaitwa kueleza namba aliipata wapi. Makubaliano ya 2010 yaanze kutumika. Na ile amri ya 2025, kifungu cha mazao ya shambani, kirudishwe mezani mkulima wa Muheza akiwepo, siyo wafanyabiashara wa Dar peke yao.

Mwenye barua ya makadirio mkononi sasa hivi kwa mzigo asioujua: angalia tarehe uliyoipokea, hesabu siku 30, usisubiri mkutano wa tawi. Pingamizi liandikwe, liseme sababu, na ombi la kupunguziwa theluthi liende sambamba nalo. Rasimu ya barua zote mbili ninayo, kwa Kiswahili. Niandikie hapo chini na wilaya yako, nitakutumia bure.